Kubadilisha injini ya dizeli iliyokufa kwenye gari la porini: mwongozo kamili

Injini ya dizeli haifi bila sababu. Ukiitoa na kuweka nyingine bila kujua kilichoiua ya kwanza, ya pili itakufa kwa ugonjwa uleule, na kwa kawaida mapema zaidi. Kwa hiyo kazi hii inaanza kabla ya kushika spana, na sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu mambo ambayo mafundi wengi huyaruka wakiwahi kunyanyua injini.

Hatua hizi zinafaa gari lolote la chesisi lenye injini ya dizeli iliyokaa kwa urefu, giaboksi nyuma yake na transfa (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ikifuata. Pale panapohitajika mfano tutatumia 1HZ ya Toyota: silinda 6 za mstari, lita 4.2, bila tabo, pampu ya dizeli ya kimakanika, injini iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi tangu 1990.

Hakikisha imekufa kweli

Starta ikigonga "ta!" na injini isizunguke, usitoe hukumu bado. Pima betri na kebo kwanza. Kisha toa mikanda yote ya mbele, weka gia fri, na uzungushe bolti ya kranki kwa boksi spana na baa ndefu. Injini ikizunguka bila mikanda, kilichokwama ni oltaneta, kompresa ya AC au pampu mojawapo, na umeokoa kazi ya siku tatu.

Ikikataa, toa hita plagi zote ujaribu tena. Kaa pembeni, usiinamie matundu. Maji au dizeli vikiruka nje na injini ikaanza kuzunguka, silinda ilikuwa imejaa kimiminika, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Hiyo ni habari njema nusu tu, kwa sababu injini iliyovuta maji ikiwa kwenye mwendo hupinda konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki. Konrodi iliyopinda ni fupi, pistoni haifiki juu kabisa, na silinda hiyo itaonyesha kompresheni ndogo kuliko wenzake.

Kompresheni ya dizeli hupimwa kwa geji inayofika bar 60 hadi 70. Geji ya petroli itapasuka. Toa hita plagi zote, chomoa waya wa kukata dizeli kwenye pampu, betri iwe imejaa, kisha zungusha kwa starta mpaka mshale usimame. Dizeli nyingi zenye afya husoma kati ya bar 25 na 35, lakini kinachosema zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi bar 5, kuna kasoro. Ukitaka kujua kama ni ringi au vali, tia oili kijiko kimoja cha chai na upime upya. Usizidishe. Chumba cha mwako cha dizeli ni kidogo mno, na oili nyingi itakudanganya kwa kupandisha usomaji, au itajaza silinda kabisa.

Mwisho, kata filta ya oili kwa mkasi wa bati (msumeno huacha makombo yake mwenyewe), ikunjue karatasi yake na uitazame juani. Chembe zinazonata kwenye sumaku zimetoka kwenye kranki, kamshafti, gia au ringi. Unga wa fedha usionata ni alumini ya pistoni au tabaka la juu la beringi. Ukiona rangi ya shaba, beringi zimeshaliwa mpaka tabaka la chini, na kranki nayo haijasalimika.

Tafuta kilichoiua

Vumbi ndilo muuaji mkimya wa magari ya porini. Fungua bomba la hewa kati ya filta na injini, pitisha kidole ndani. Panatakiwa pawe pasafi, au na utando mwembamba wa oili. Ukitoa kidole chenye udongo, hewa ilikuwa inapita mahali ambapo hapakuwa na filta: kiungo cha snokeli (bomba refu la kuvutia hewa juu) kilicholegea, mpira uliochanika chini mahali usipoonekana, au filta isiyokaa vizuri kwenye makazi yake. Injini ya namna hii hufa polepole, kwa kula oili na kutoa pumzi nyingi kwenye kifuniko cha oili.

Joto huacha alama zake: hedi iliyopinda, maji yenye utando wa oili, mpira wa juu wa rejeta unaojaa upepo mara tu injini inapowashwa. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni rejeta. Rejeta hupoteza nguvu kwa nje pia, si kwa kuziba ndani tu. Tope na mbegu za nyasi hujaa kati ya rejeta na kondensa ya AC, na mtu anayetazama kwa mbele haoni chochote. Feni yenye klachi ya mafuta nayo huchoka: injini ikiwa na joto imezimwa, sukuma feni kwa mkono, ikiendelea kuzunguka raundi kadhaa kama pangaboi, imeisha.

Kukosa oili kunaonekana kwenye beringi. Sababu ni kiwango kilichoshuka, kupanda au kulala kwenye mteremko mkali kwa muda mrefu oili ikiwa pungufu, au bomba la kunyonya lililozibwa na vipande vya gasketi ya silikoni. Hilo la mwisho husababishwa na fundi. Silikoni iliyopakwa kwa wingi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) hubanwa ndani, hukatika, na huishia kwenye chujio.

Pistoni iliyotoboka juu, au yenye alama ya kuyeyuka sehemu moja, huelekeza kwenye nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza, au pampu iliyoongezwa dizeli bila kupima joto la eksozi. Dizeli yenye maji huua pampu na nozeli kabla ya kuua injini. Na taiming belti iliyokatika haihitaji uchunguzi: vali zimegonga pistoni. 1HZ hutumia belti, na muda wake wa kawaida wa kubadilishwa ni kilomita 100,000.

Andika sababu uliyoipata. Utairudia injini ikiwa nje.

Kuchagua injini ya kuweka

Injini ya aina ileile ndiyo njia fupi. Kubadili aina huleta mauntingi mpya, waya, eksozi, rejeta na mara nyingine uwiano wa difu, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Katika familia moja mambo huwa mepesi: 1HZ na 1HD-T, kwa mfano, zinafungana na giaboksi kwa mpangilio uleule wa bolti. Lakini ya pili ina tabo, kwa hiyo eksozi, njia ya hewa na upoozaji vinabadilika.

Injini iliyotumika ikaguliwe hivi. Zungusha kranki kwa mkono raundi mbili kamili; ikikwama mahali popote, iache. Toa kifuniko cha juu: rangi ya kahawia nyepesi ni umri, tope jeusi zito ni oili isiyobadilishwa. Chungulia matundu ya maji. Kutu nyekundu inayobomoka maana yake iliendeshwa na maji matupu bila kulanti. Sukuma kranki mbele na nyuma kwa baa: mchezo wa sehemu ndogo ya milimita ni sawa, ukisikia mlio wa "tok" na mchezo ukaonekana kwa macho, beringi ya kuzuia msukumo imekwisha. Kagua pia matundu ya kuingizia hewa kama yana vumbi au kutu ya maji.

Halafu linganisha vitu vinavyokera baadaye. Sampu yenye tumbo mbele haiwezi kukaa kwenye gari lenye eksel ya mbele mahali hapo. Bano za mauntingi zinaweza kuwa tofauti. Umeme ni volti 12 au 24? Kuna 1HZ za aina zote mbili, na starta, oltaneta, hita plagi na soleno ya kukata dizeli lazima vifanane na gari. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki huenda haina beringi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) kwenye ncha ya kranki. Kama ni ya komonreli (dizeli inayoendeshwa na kompyuta badala ya pampu ya kimakanika), nunua kompyuta, funguo na waya zake pamoja, la sivyo haitawaka.

Nambari ya injini huandikwa kwenye hati za gari katika nchi nyingi, kwa hiyo chukua stakabadhi yenye nambari hiyo kabla ya kubeba.

Vifaa na vipuri

Kreni ya injini iwe ya tani 2. Hii si kupita kiasi: kreni ya tani 2 mkono wake ukivutwa mpaka mwisho hubeba takriban kilo 500 tu, na kwenye gari lenye pua ndefu utauvuta mpaka mwisho. Injini ya silinda 6 ya chuma ina uzito unaozidi kilo 300 ikiwa na vifaa vyake. Cheni bloku kwenye boriti imara inafaa pia, mradi gari liweze kusukumwa nyuma. Ongeza jeki ya giaboksi, stendi nne, baa za boksi spana zinazounganika hadi mita moja, spana ya torki, na mifuko midogo na kalamu ya wino usiofutika.

Vipuri vya kununua hata kama injini inaonekana nzuri, kwa sababu injini ikiwa nje ni kazi ya dakika na ikiwa ndani ni ya siku: taiming belti na tensheni yake, pampu ya maji, thamostati, oili sili ya nyuma ya kranki na ya mbele, seti ya klachi (pleti, presha na rilisi beringi), beringi ya pailoti, mauntingi 2 za injini na ya giaboksi, hosi zote za maji, mikanda, gasketi za manifoldi na bomba la eksozi, washa mpya za shaba kwa kila bolti ya bomba la dizeli, filta 2 za oili na 2 za dizeli, na oili ya kutosha kujaza mara mbili.

Kutoa injini

Siku moja kabla, loanisha nati za eksozi kwa mafuta ya kulegeza. Zinazokatika hapo huwa zimekatwa na haraka.

Siku ya kazi, gari likae mahali palipo sawa, magurudumu yazuiwe. Chomoa hasi ya betri kwanza, kisha chanya, utoe betri. Piga picha za chumba cha injini kutoka kila upande, hata sehemu unazoamini unazikumbuka. Weka alama kwenye bawaba za bonneti kwa kalamu kisha itoe. Mwaga maji kwenye chombo safi, mwaga oili, usisahau kuzitazama zote mbili.

Toa shraudi ya feni, feni, kisha rejeta. Kompresa ya AC usiifungue mabomba: toa bolti zake, ifunge pembeni kwa kamba pamoja na hosi zake. Pampu ya stelingi vilevile. Kila soketi ya waya unayochomoa ipate lebo kabla ya kuachia mkono. Mabomba ya dizeli yazibwe mara moja kwa vizibo au plastiki safi iliyofungwa. Chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu nozeli. Kumbuka pia hosi za vakamu na za oili za pampu ya vakamu ya breki. Kisha kebo ya akselereta, hosi za hita, bomba la eksozi, starta, na nyaya za ardhi kati ya injini, chesisi na bodi. Hesabu nyaya za ardhi uandike idadi.

Sasa giaboksi. Unaweza kutoa injini pamoja nayo au peke yake. Kwenye gari lenye transfa, mzigo mzima ni mrefu na unahitaji pembe kali ili utoke, kwa hiyo injini peke yake ni salama zaidi kwa watu wawili. Weka jeki chini ya giaboksi na kipande cha mbao katikati. Bolti za juu za belihauzi (gamba la giaboksi linalofungwa nyuma ya injini) zinafikiwa kutoka chini ya gari: unganisha baa mpaka zipite juu ya giaboksi, nyuma kwenda mbele, na ushushe kidogo boriti ya giaboksi ili nafasi ifunguke. Bolti hizo hazilingani urefu. Chora mduara wa belihauzi kwenye kipande cha boksi la karatasi, utoboe, uchomeke kila bolti mahali pake.

Kama ni otomatiki, fungua kwanza bolti za konveta (kinachoshika nafasi ya klachi) kupitia dirisha dogo chini, ukizungusha kranki kwa mkono. Konveta ibaki kwenye giaboksi. Ikitoka na injini itamwaga mafuta na kuharibu sili ya pampu.

Funga cheni kwenye masikio mawili ya kunyanyulia, moja mbele moja nyuma, upande huu na huu. Bolti za manifoldi ya hewa hazibebi injini. Vuta cheni mpaka ichukue uzito tu, ndipo ufungue mauntingi. Nyanyua sentimita chache, jeki ya giaboksi ifuate kwa kiasi hichohicho, kisha vuta injini mbele. Shafti ya giaboksi lazima itoke yote kwenye klachi kabla ya kupandisha. Ukipandisha mapema utaipinda pleti au shafti yenyewe. Pakikataa, simama utafute bolti uliyosahau. Mara nyingi ipo, na mara nyingi ni ile ya chini iliyojificha kwenye tope. Hakuna mtu kuweka mkono wala mguu chini ya injini inayoning'inia.

Gari likiwa tupu

Hapa ndipo injini mpya inapookolewa. Osha chumba chote. Rejeta ipelekwe ikafunguliwe matangi na kupitishiwa vijiti, au iwekwe mpya kama mapezi yake yanabomoka ukigusa. Hita ya ndani isafishwe kwa maji ya kurudi nyuma mpaka yatoke meupe.

Kama injini ya zamani ilikula beringi, kipooza oili hakifai tena. Vichembe vya chuma hujificha ndani ya mikunjo yake, havitoki kwa kuoshwa, vinatoka kwa oili ya moto ya injini mpya. Badilisha. Mabomba ya oili ya tabo nayo ni hivyo hivyo, na intakula (kipooza hewa ya tabo) iliyojaa oili na vipande vya tabo iliyovunjika lazima ioshwe mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Oili iliyobaki humo inaweza kuifanya injini iwake kwa mafuta yake yenyewe na ikatae kuzima.

Tangi la dizeli limwagwe kabisa, tope la chini lichotwe, chujio la ndani lioshwe. Njia ya hewa iunganishwe upya kwa klipu mpya, kuanzia snokeli hadi manifoldi, kisha ijaribiwe: injini ikiwa imeshafungwa na inawaka taratibu, ziba mdomo wa snokeli kwa ubao. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kuwaka, inavuta hewa mahali pengine, na vumbi litapita papo hapo.

Kuiandaa injini mpya

Ikiwa kwenye stendi, funga taiming belti mpya na pampu ya maji, linganisha alama zote, kisha zungusha kranki kwa mkono raundi mbili kamili uzitazame tena. Alama zikirudi mahali pake na hakuna kilichogusa, endelea. Hamisha sensa za gari lako kutoka injini ya zamani hata kama mpya inazo zake, kwa sababu geji ya kwenye dashibodi inasoma sensa yake tu. Nozeli zipimwe kwenye mashine ya pampu. Ukizifunga, hakikisha washa ya zamani haijabaki chini ya shimo. Washa mbili zikilaliana, moto unavuja na nozeli inaungua.

Flaiwili (gurudumu zito nyuma ya kranki) yenye michirizi ya bluu au nyufa ikachongwe au ibadilishwe. Bolti zake zifungwe kwa mpangilio wa msalaba, uzi ukiandaliwa na kukazwa kwa kufuata kitabu cha injini hiyo. Gusa pini mbili za kulenga nyuma ya bloku. Zikikosekana, giaboksi itakaa nje ya kitovu kwa unene wa nywele, na hiyo inatosha kula pleti na beringi za giaboksi.

Pleti ya klachi ina upande. Kwa kawaida tumbo la springi hutazama giaboksi, na mara nyingi limeandikwa. Jaribu kuiweka kwenye flaiwili, ikigusa bolti umeigeuza. Ilenge kwa kifaa cha plastiki au shafti ya zamani, kisha funga bolti za presha kidogo kidogo kwa msalaba, nusu raundi kila moja. Meno ya shafti yapakwe grisi nyembamba kama utando, ifutwe inayozidi. Grisi ikiruka kwenye pleti, klachi itatetema kila unapoondoka.

Kurudisha

Shusha injini ikiwa imeinama kwa pembe ileile ya giaboksi. Angalia uwazi kati ya belihauzi na bloku: uwe sawa juu na chini, kushoto na kulia. Weka gia, mwenzako azungushe kranki taratibu ili meno yaonane. Injini itaingia yenyewe mpaka ibaki sentimita moja au mbili, na hapa ndipo wengi wanapovunja vitu. Wanaona nafasi ndogo, wanachomeka bolti na kuivuta kwa spana. Usifanye hivyo. Bolti ina nguvu ya kupasua sikio la belihauzi au kupinda kitovu cha pleti, na hutasikia chochote mpaka siku klachi isipoachia. Uwazi usipofungika kwa mkono, pembe haijakaa au klachi haijalengwa. Rudi nyuma, rekebisha. Ikikaa, belihauzi itagusa bloku duara zima bila bolti hata moja.

Kwa otomatiki, sukuma konveta ndani huku ukiizungusha mpaka isikike ikiingia hatua mbili au tatu. Ukishafunga belihauzi, panatakiwa pawe na nafasi ya milimita chache kati ya konveta na pleti ya kuzungushia, ambayo unaifunga kwa kuvuta konveta mbele. Pasipo na nafasi, pampu ya giaboksi inakandamizwa na itavunjika siku ya kwanza.

Bolti za belihauzi zikae zote kwa mkono, kisha zikazwe. Mauntingi za injini zikazwe mwisho, baada ya kuitikisa injini ikae inavyotaka. Kitabu kikikosekana, bolti za kawaida za daraja 8.8 huchukua takriban Nm 25 kwa M8, Nm 49 kwa M10 na Nm 85 kwa M12. Hedi, flaiwili na beringi hazifuati makadirio haya, hizo zina vipimo vyake.

Rudisha nyaya zote za ardhi, idadi ileile uliyoandika. Ukisahau ile nene, umeme wa starta utatafuta njia nyingine, na itakuwa kebo ya akselereta inayowaka nyekundu mkononi mwako. Rudisha rejeta, hosi, mikanda. Mkanda ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ushuke kama milimita 10.

Kujaza na kutoa upepo

Jaza oili, filta ijazwe kabla kama inafungwa wima. Maji yawe nusu kulanti nusu maji safi, hita ya ndani ikiwa wazi, pua ya gari ikiwa juu, yakimiminwa polepole. Kamua hosi ya juu kwa mkono mpaka mapovu yaishe.

Pampu ya mkono kwenye filta ya dizeli ipigwe mpaka iwe ngumu, ukifungua skrubu ya upepo hadi dizeli itoke bila povu. Kwenye pampu za kimakanika, legeza nati za mabomba kwenye nozeli nusu raundi, zungusha kwa starta mpaka dizeli ichuruzike, kisha kaza. Kwenye komonreli usilegeze kabisa: mgandamizo hupita bar 1,000, na mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Mtu aliyepigwa nao anahitaji hospitali saa hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Kabla ya kuiwasha, waya wa soleno ya kukata dizeli ukiwa nje, zungusha kwa starta sekunde 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Kama kuna tabo, ijaze oili kwa mkono kwenye mdomo wa bomba lake kwanza. Oili ifike kwenye beringi kabla ya moto.

Kuwasha mara ya kwanza

Mtu mmoja akae kwenye swichi, mwingine asimame karibu na njia ya hewa akiwa na ubao ulionyooka. Injini ikipanda raundi yenyewe na kukataa kuzima, ubao huo ndio breki. Kamwe si mkono.

Ikiwaka, tazama oili. Mgandamizo usipoonekana ndani ya sekunde 5, zima. Moshi mweupe kidogo kwa dakika za kwanza ni upepo unaoisha. Ukiendelea na kuwasha macho, taiming ya pampu au nozeli moja ina kasoro. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa pungufu. Bluu ni oili inayoungua. Legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, kwenye pampu ya kimakanika tu: silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo isiyofanya kazi.

Shika hosi ya juu ya rejeta. Inatakiwa ibaki baridi, kisha ipate joto ghafla thamostati inapofunguka, nyingi kati ya nyuzi 76 na 82. Ikibaki baridi huku geji ikipanda, kuna upepo. Zima, iache ipoe, ongeza maji.

Kilomita 1,000 za kwanza

Injini iliyofanyiwa ovaholi isiachwe ikiwaka taratibu kwa saa nzima "ili izoee". Ringi zinahitaji mzigo ili zikae. Injini inayonguruma bila mzigo hung'arisha kuta za silinda, na baada ya hapo inakula oili maisha yake yote. Mara ikipata joto, iendeshe barabarani, mzigo wa kati, ukibadilisha raundi, bila kuvuta trela na bila kuikaba kwenye gia kubwa.

Baada ya safari ya kwanza na injini ikipoa, kaza upya nati za eksozi, klipu za hosi na mauntingi. Kila asubuhi pima maji na oili kabla ya kuwasha. Kwenye kilomita 500 badilisha oili, kata filta na uifungue juani kama ulivyofanya mwanzo. Unga mwembamba wa kijivu unategemewa kwenye injini ya ovaholi. Vipande vinavyosikika kwenye kucha havitegemewi, wala rangi ya shaba. Kwenye 1,000 kagua uwazi wa vali injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu, na upitishe tena kidole ndani ya bomba la hewa baada ya filta.